Mlo wa Shimo Jeusi na Hatima ya Galaksi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wanafunzi, nanyi nyote mliofika kusikiliza,

Nimeombwa kuzungumza juu ya jinsi mashimo meusi, yaani vitu vilivyobanwa kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kuponyoka, yanavyoziathiri galaksi yanamokaa, yale makusanyo makubwa ya nyota na gesi. Kila ninapopewa mada hii, kabla sijamaliza salamu huwa kuna mkono uliokwisha kunyooshwa, na swali ni lile lile: lile shimo lililo katikati ya galaksi yetu litatumeza lini? Naomba nianze na swali hilo, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloleta fumbo ambalo limewashughulisha wanafalaki kwa robo karne sasa.

Katikati ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, upande wa kundinyota la Mshale, umbali wa takriban miaka ya nuru 27,000 kutoka hapa tulipo (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), kuna kitu kinachoitwa Sagittarius A*. Kiligunduliwa mwaka 1974 kikiwa chanzo kidogo tu cha mawimbi ya redio, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kuthibitisha ni nini. Ndipo makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Reinhard Genzel huko Ujerumani na lingine likiongozwa na Andrea Ghez huko Marekani, yalipoanza kuzipiga picha nyota zilizo karibu na kitu hicho, mwaka baada ya mwaka, kwa subira ambayo mimi binafsi naistaajabia kuliko hesabu zenyewe. Nyota moja waliyoipa jina la S2 iliwalipa kwa subira hiyo. Huzunguka mara moja katika kila miaka 16, na mwezi Mei 2018 ilipita karibu kabisa na kile kitu, umbali wa kama mara 120 ya ule ulio baina ya Dunia na Jua, ikienda kwa kasi iliyozidi kilomita 7,600 kwa sekunde. Ukiijua njia ya nyota na kasi yake, unaweza kukokotoa tungamo, yaani wingi wa maada, la kile inachokizunguka: ni majua milioni 4 na ushei, yaliyobanwa mahali padogo sana ambapo hapaonekani kitu. Mwaka 2020 Genzel na Ghez walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, pamoja na Roger Penrose aliyekuwa ameonyesha kwa hisabati kwamba vitu vya namna hii ni matokeo halali ya nadharia ya Einstein.

Sasa tazameni yaliyoipata S2 siku ile. Haikumezwa. Ilikaribia, ikapinda, ikaenda zake, na itarudi tena zamu yake ikifika. Shimo jeusi huvuta kama kinavyovuta kitu kingine chochote chenye tungamo kama lake. Lau Jua letu lingebadilishwa ghafla kwa shimo jeusi lenye tungamo lile lile, lingekuwa na nusu kipenyo cha kilomita 3 tu, sisi tungeganda kwa baridi, lakini Dunia ingeendelea na mzunguko wake bila kuyumba hata kidogo. Na majua milioni 4, ingawa yanatisha kuyataja, ni kitu kidogo yakiwekwa kando ya galaksi nzima. Nyota za Njia Nyeupe peke yake zina tungamo la makumi ya mabilioni ya majua, hivyo shimo letu halifiki hata sehemu moja katika elfu kumi ya nyota hizo. Eneo ambalo mvutano wake ndio wenye usemi linaishia kama miaka ya nuru 10 hivi kutoka kwake, ndani ya galaksi yenye upana wa zaidi ya miaka ya nuru 100,000. Likitoweka usiku huu, Jua litaendelea kuizunguka galaksi kama kawaida yake.

Kwa hiyo jibu la swali ni kwamba halitatumeza. Lakini jibu hilo linatutia katika shida nyingine kubwa zaidi.

Mnamo mwaka 1998 na tena mwaka 2000, watafiti waliokuwa wakipima mashimo meusi ya galaksi za jirani waligundua ulinganifu usiotarajiwa. Galaksi nyingi zina uvimbe katikati, yaani lile tumbo la nyota nzee lililotuna kama kiini cha yai. Walipolinganisha tungamo la shimo na tungamo la uvimbe huo, waliona kwamba yanakwenda pamoja: uvimbe mkubwa, shimo kubwa, uvimbe mdogo, shimo dogo, na uwiano wake ni kama sehemu moja kwa elfu hadi sehemu tano kwa elfu. Mwaka 2000 makundi mawili, moja la Laura Ferrarese na David Merritt na lingine la Karl Gebhardt na wenzake, yalionyesha kwamba ulinganifu unakuwa mkali zaidi ukitazama kasi ya nyota za uvimbe badala ya tungamo lake. Nawaomba mtulie kidogo hapa, maana ni jambo geni kweli kweli. Nyota hizo ziko maelfu ya miaka ya nuru kutoka kwenye shimo. Mvutano wa shimo hauzifikii kwa namna yoyote inayopimika. Hata hivyo, ukinipa kasi yao naweza kukutajia uzito wa shimo ambalo hazijawahi kulihisi. Vitu viwili ambavyo havigusani vinakwenda sambamba kama chanda na pete. Lazima kuna kitu kinachopita kati yao.

Kitu hicho ni nishati, na chanzo chake ni namna shimo jeusi linavyokula.

Naomba kila mmoja wenu asugue viganja vyake kwa nguvu, kwa sekunde tano tu. Mmehisi joto. Sasa fikirini gesi inayoporomoka kuelekea shimo jeusi. Ni nadra sana gesi hiyo kuanguka moja kwa moja, kwa kuwa karibu kila mara inakuja ikiwa na mwendo wa ubavuni, na mwendo huo huifanya izunguke kama maji yanavyozunguka kwenye tundu la sinki. Inatandazika ikawa sahani bapa, tabaka la ndani likizunguka upesi kuliko tabaka la nje, na matabaka hayo yanasuguana, yakisaidiwa na sumaku iliyofumwa ndani ya gesi yenyewe. Msuguano huo unaipokonya gesi mwendo wake kidogo kidogo na kuiacha iteremke ndani zaidi, na wakati huo huo unaipasha joto hadi ing'ae kwa mwanga, kwa miali ya urujuanimno na kwa eksirei. Kabla gesi haijavuka ule mpaka usio na marejeo, karibu asilimia 10 ya tungamo lake inaweza kuwa imekwisha kugeuzwa nishati na kutupwa nje. Jua letu, linapoyeyusha hidrojeni kuwa heli, hugeuza chini ya asilimia 1. Kwa maneno mengine, hakuna tanuri la kudumu katika maumbile linalolifikia shimo jeusi lililo mezani, na kitu tulichokiita cheusi ndicho kinachotoa mwanga mkali kuliko vyote.

Mwanga huo ulionekana miaka mingi kabla ya kueleweka. Mwaka 1963 Maarten Schmidt aliuchunguza wigo, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, wa nukta iliyoitwa 3C 273, ambayo kwenye picha ilifanana na nyota ya kawaida, akatambua kwamba mistari yake ya hidrojeni imesogezwa kuelekea wekundu kwa karibu asilimia 16, kama inavyotokea kwa mwanga wa vitu vya mbali kwa kuwa ulimwengu unapanuka. Maana yake nukta ile iko mbali nje ya galaksi yetu, mbali kiasi kwamba mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 2, na ili ionekane kutoka umbali huo inabidi iangaze kuliko galaksi nzima, mara nyingi. Vitu vya aina hiyo tunaviita kwasari. Mwaka 1969 Donald Lynden-Bell alitoa hoja kwamba kwasari ni mashimo meusi makubwa yanayokula, na kwamba kwasari zilizokufa zinapaswa kuwa zimelala katikati ya galaksi nyingi za kawaida, yetu ikiwamo. Alikuwa sahihi, ila ilimlazimu kusubiri miaka mingi kabla ya kuungwa mkono na vipimo.

Sasa fanyeni nami hesabu moja, na nawaahidi kwamba ni hiyo moja tu. Chukueni shimo ambalo tungamo lake ni sehemu moja kwa elfu ya uvimbe wa galaksi yake. Ili lifikie ukubwa huo, limekula, na asilimia 10 ya ulaji huo imetoka nje ikiwa nishati. Ukiilinganisha nishati hiyo na ile inayozishikilia nyota na gesi ya uvimbe zisitawanyike, utakuta ile ya shimo ni kubwa zaidi kwa karibu mara mia au hata kuzidi. Haihitajiki yote itumike. Sehemu chache tu katika mia zikifanikiwa kuikamata gesi ya galaksi na kuisukuma, galaksi itabadilika. Joseph Silk na Martin Rees waliliandika wazo hili mwaka 1998: shimo linakua hadi upepo wake unakuwa na nguvu ya kuifukuza gesi inayolizunguka, na hapo linakuwa limejinyima chakula, nayo galaksi imenyimwa malighafi ya kuundia nyota. Kila mmoja anasimama kwa sababu ya mwenzake, na ule ulinganifu wa chanda na pete unapata maelezo.

Je, upepo huo umeonekana? Umeonekana. Katika kwasari iitwayo PDS 456, darubini za eksirei zilipima gesi ikitoka kwenye kiini kwa kasi iliyo kati ya robo na theluthi ya kasi ya mwanga, na ikitoka pande zote. Katika galaksi ya Markarian 231 watafiti walipima gesi baridi, ile yenyewe ambayo nyota hutengenezwa kwayo, ikitolewa nje kwa kiwango cha mamia ya majua kwa mwaka, kasi inayotosha kuikausha galaksi katika muda ambao kwa mizani ya falaki ni mfupi sana. Wafuatiliaji wa mambo haya watanikumbusha kwamba kupima upepo ni jambo moja na kuthibitisha kwamba upepo huo ndio uliozima uzazi wa nyota ni jambo jingine. Nakubaliana nao kabisa. Gesi iliyorushwa inaweza kurudi, kama mvua, na galaksi nyingi zenye kwasari bado zinazaa nyota kwa bidii. Kwa maoni yangu, mahali ambapo ushahidi umekamilika zaidi si kwenye kwasari hizi zenye makelele, bali kwenye mashimo yanayokula polepole na kutoa mikondo. Huko ndiko nitakakokaa kwa muda.

Mwaka 1918 Heber Curtis aliandika juu ya galaksi ya M87, iliyo katika kundinyota la Mashuke, kwamba ina mwale wa ajabu, ulionyooka, uliotokea kwenye kiini chake. Hakuwa na namna ya kujua ni nini. Leo tunajua kwamba ni mkondo wa chembe zinazokwenda karibu na kasi ya mwanga, unaoonekana kwa urefu wa takriban miaka ya nuru 5,000, na kwamba chimbuko lake ni shimo jeusi lenye tungamo la majua bilioni 6.5. Ndilo shimo ambalo picha ya kivuli chake ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019, ule mduara wa mwanga wenye giza katikati ambao karibu kila mtu amekwisha kuuona. Kivuli hicho kingeenea ndani ya eneo ambalo mwanga hulivuka kwa siku chache, na mkondo unaotoka hapo mwanga unauvuka kwa miaka elfu kadhaa. Hebu pimeni tofauti hiyo. Ndiyo inayolipa shimo mkono mrefu ambao mvutano wake haukuweza kulipa.

Mkono huo hufanya nini huko ufikapo? Tuelekee kwenye kundi la galaksi la Perseus, katika kundinyota la Farisi, umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 240. Katikati ya kundi hilo kuna galaksi kubwa iitwayo NGC 1275, na nafasi yote iliyo baina ya galaksi za kundi imejaa gesi nyembamba yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo inang'aa kwa eksirei, na kitu kinachong'aa kinapoteza joto. Wanafalaki walipopiga hesabu ya joto linalopotea, waliona kwamba gesi ya katikati ilipaswa kuwa imepoa zamani na kumiminika ndani ya galaksi kubwa kwa kiwango cha mamia ya majua kila mwaka, na galaksi hiyo ilipaswa kuwa inafurika nyota changa. Walipotazama, hawakuikuta gesi iliyopoa kwa kiasi hicho wala nyota zilizotarajiwa. Basi kuna kitu kinachoirudishia gesi joto lake, tena kwa kipimo, kwa mamia ya mamilioni ya miaka, bila kuizidishia ikatawanyika na bila kuipunja ikaporomoka.

Setilaiti ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, ndiyo iliyotuonyesha mhusika akiwa kazini. Katika picha zake za eksirei, pande mbili za kiini cha NGC 1275 zina mapovu mawili makubwa, yenye upana wa makumi ya maelfu ya miaka ya nuru. Ndani ya mapovu hayo gesi ya moto imesukumwa kando, na nafasi yake imechukuliwa na chembe zilizoletwa na mikondo ya shimo jeusi, ambazo darubini za redio zinaziona waziwazi. Nje zaidi kuna mapovu mengine, ya zamani, yaliyokwisha kukatika na kuelea juu kama vile mapovu ya hewa yanavyopanda ndani ya maji. Mwaka 2003 Andrew Fabian na wenzake walitangaza kwamba waliona pia viwimbi vimeizunguka picha nzima, duara nje ya duara, kama yale yanayotokea kwenye bwawa baada ya jiwe kutumbukia. Viwimbi hivyo ni mawimbi ya sauti. Kila wimbi hutengana na lenzake kwa karibu miaka milioni 10, na wataalamu wa muziki wakiitafuta sauti hiyo kwenye kinanda watalazimika kukiongezea oktavi 57 chini ya zile za katikati. Hakuna sikio litakaloisikia. Lakini sauti, ikififia ndani ya gesi, hugeuka joto.

Wengine waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kama mikondo yenye nguvu namna hiyo isingeivuruga gesi yote ikawa kama maji yanayotokota. Jibu likaja kwa njia ya kusikitisha. Mwezi Februari 2016 Japani ilirusha setilaiti ya Hitomi, iliyobeba chombo cha kupima eksirei kwa usahihi ambao haukuwahi kufikiwa. Baada ya wiki chache tu setilaiti ilianza kujizungusha bila kudhibitika, ikavunjika vipande, na mwishoni mwa Machi mawasiliano yakakatika. Kwa bahati, kundi la Perseus lilikuwa miongoni mwa vitu vichache ilivyowahi kuvitazama. Katika kipimo hicho kasi ya misukosuko ya gesi ilikuwa kilomita 164 kwa sekunde, kiwango cha chini kikilinganishwa na kasi ya sauti katika gesi hiyo, ambayo inakaribia kilomita 1,000 kwa sekunde. Gesi ilikuwa imetulia kuliko wengi walivyodhani. Shimo linaipasha kwa upole, na nilipokisoma kipimo hicho mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda, nikiwafikiria watu waliojenga chombo kwa miaka mingi kikaishi wiki tano.

Makundi mengine mengi ya galaksi yamechunguzwa kwa namna hiyo hiyo, na kila mara watafiti wanapokadiria nguvu iliyohitajika kuyapuliza mapovu, wanaikuta iko karibu na ile inayohitajika kuzuia gesi isipoe. Ulinganifu huo hauwezi kuwa wa bahati. Mfano wa karibu ni pasi ya umeme. Ikipoa, kidhibiti chake hugusanisha waya na moto unarudi. Ikipata joto la kutosha, waya zinaachana. Hapa gesi ikianza kupoa, matone yake yanadondoka hadi kwenye shimo, shimo linakula na kutoa mikondo, mikondo inapasha gesi, matone yanakoma, na shimo linalala tena na njaa. Ndiyo sababu galaksi kubwa kuliko zote ulimwenguni zina nyota nzee zenye rangi ya wekundu na hazizai mpya ila kwa nadra, ingawa zimezungukwa na gesi isiyo na hesabu. Wanaoiga ulimwengu kwenye kompyuta waliligundua jambo hili kwa kushindwa: kila walipoliacha shimo jeusi nje ya hesabu, galaksi zao kubwa zilinenepa kupita kiasi na kubaki na rangi ya buluu ya ujana, na walipoliingiza zikaanza kufanana na zile tunazoziona angani.

Naharakisha kusema kwamba shimo halizimi tu. Karibu na galaksi ya NGC 541 kuna kitu kiitwacho Kitu cha Minkowski, ambapo mkondo wa shimo jeusi umegonga wingu la gesi, ukaibana gesi hiyo hadi nyota mpya zikazaliwa mahali ambapo pengine zisingezaliwa. Na mwaka 2022 darubini ya Hubble ilionyesha jambo la aina hiyo ndani ya galaksi kibete ya Henize 2-10: uzi wa gesi unaotoka kwenye shimo unafika penye kitalu cha nyota changa. Upepo ule ule unaoupuliza moto ukakolea ndio unaozima mshumaa. Ukubwa wa galaksi, wingi wa gesi na nguvu ya mkondo ndivyo vinavyoamua.

Sasa kuna hili la muda, ambalo husahaulika. Mwaka 2007 mwalimu mmoja Mholanzi, Hanny van Arkel, alikuwa akizipanga picha za galaksi katika mradi wa Galaxy Zoo, ambao ulikaribisha mtu yeyote kusaidia, akaona doa la ajabu karibu na galaksi ya IC 2497. Hakuna aliyemjibu mara moja ni nini, nalo likabaki na jina la Kiholanzi, Voorwerp, yaani kitu. Lilikuwa wingu la gesi lenye ukubwa wa galaksi, oksijeni yake iking'aa kijani kana kwamba inamulikwa na kwasari, ilhali kiini cha galaksi ya jirani hakina kwasari inayong'aa kwa kiwango hicho. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kwasari ilikuwapo ikafifia, katika muda usiozidi miaka 200,000, na wingu bado linapokea mwanga uliotoka kabla ya kufifia. Miaka 200,000 kwa galaksi ni kufumba na kufumbua. Kwa hiyo tunapoiona galaksi tulivu na kusema shimo lake halina kazi, huenda tumefika tu wakati wa mapumziko.

Hali ni hiyo hiyo hapa kwetu. Mwaka 2010 Meng Su, Tracy Slatyer na Douglas Finkbeiner, wakitumia takwimu za setilaiti ya Fermi, waligundua mapovu mawili ya miali ya gama yaliyotuna juu na chini ya Njia Nyeupe, kila moja likifika karibu miaka ya nuru 25,000. Mwaka 2019 darubini ya redio ya MeerKAT iliyoko Afrika Kusini, yenye antena 64, ilionyesha mapovu mengine madogo zaidi yanayotokea kwenye kiini chenyewe. Wapo wanaosema yalipulizwa na Sagittarius A* wakati ilipopata mlo mzito mamilioni ya miaka iliyopita, na wapo wanaosema ni nyota nyingi kubwa zilizolipuka kwa pamoja. Mimi naegemea upande wa shimo kwa mapovu makubwa, ingawa singeweka rehani nyumba yangu. Lisilo na ubishi mkubwa ni mwangwi wa eksirei katika mawingu ya gesi yaliyo karibu na kiini: mawingu hayo yanaakisi mmweko ambao, kwa mtazamaji wa Dunia, ungepita miaka kama 200 iliyopita. Leo shimo letu linadonoa tu.

Juu ya kugongana kwa galaksi nitasema machache. Galaksi mbili zikiungana, mashimo yao huzama katikati na kuanza kuzungukana, na kila nyota inayopita karibu nayo hurushwa mbali kwa kombeo la mvutano. Ndivyo viini vya galaksi nyingi kubwa vilivyokosa nyota zilizotarajiwa kuwapo. Mwezi Juni 2023 watafiti wanaopima mapigo ya pulsa, yaani nyota zilizokufa zinazojizungusha na kutoa mapigo ya redio kwa mpangilio, walitangaza dalili za mawimbi ya mvutano ambayo yumkini yanatokana na jozi za namna hiyo ulimwenguni kote.

Nimalizie na galaksi mbili zinazonisumbua. Ya kwanza ni M33, jirani yetu wa umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 3. Wamelitafuta shimo lake kubwa bila kulipata; kama lipo, haliwezi kuzidi majua elfu chache. M33 pia haina uvimbe wa kutajika katikati. Ni sahani tupu ya nyota, nzuri, inayozaa vizuri tu. Hilo linaendana na ule ulinganifu wa mwaka 2000, na pia linatuonya kwamba shimo si sharti la galaksi kuwapo.

Ya pili ni UHZ1, iliyotangazwa mwaka 2023 baada ya darubini ya James Webb na setilaiti ya Chandra kuitazama kupitia mvutano wa kundi la galaksi la Abell 2744, ambalo liliukuza mwanga wake kama lenzi. Tunaiona jinsi ilivyokuwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama milioni 470. Ndani yake kuna shimo jeusi linalokula, na makadirio yanalipa tungamo la makumi ya mamilioni ya majua, pengine zaidi. Galaksi za karibu zingetufanya tutarajie nyota zenye tungamo mara elfu ya hilo. Katika UHZ1, nyota zote zikijumlishwa pamoja, zinakaribiana na shimo lenyewe. Shimo lilikuwa limekwisha kukua na kuanza kupuliza, na nyota nyingi za galaksi ile zilikuwa bado hazijazaliwa.

Asanteni sana. Sasa niko tayari kwa ule mkono ulionyooshwa tangu mwanzo.